Kona Mbili za Bomba

Inspekta Chepkurui wa ofisi ya upelelezi Nakuru alikuwa na tabia moja iliyowakera wote waliowahi kufanya kazi naye. Akiambiwa kwamba mhalifu ameshapatikana, aliomba kwanza chai. Jumatano hiyo, katika ofisi ya kiwanda cha nguo cha familia ya Kanji, aliambiwa habari hiyo mara tatu kabla ya saa tatu asubuhi, na mara zote tatu kikombe chake kikajazwa.

"Ni huyo mzee, madam," alisema Weldon, injinia wa kampuni ya Nairobi iliyouza kompresa, mtambo wa kusukuma hewa kiwandani. Alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi hadi kwenye kola, na alizungumza kama aliyekwisha andika ripoti na kubakiza kuipiga muhuri. "Beringi imeungua mara mbili ndani ya wiki tatu. Hiyo mashine ni mpya. Mashine mpya haijiui."

"Sasa imeuawa na nini?"

"Mtu ametupa kitu ndani. Nati, kipande cha chuma, kitu kama hicho. Na mwenye funguo ya hapo ni mmoja tu."

Huyo mmoja alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya mlango, kofia magotini. Aliitwa Micah Kimeli, fundi mkuu, miaka thelathini na minne kazini, wa kustaafu Desemba. Aliyewekwa kumlinda alikuwa Sajini Thuo, mtu mzito wa mwili na mwepesi wa urafiki, naye Desemba yake haikuwa mbali. Tangu asubuhi mlinzi na mlindwa walikuwa wakibishana kwa upole kuhusu viazi: kama vya Mau Narok vinavishinda vya Molo au la. Chepkurui aliwaacha wabishane. Alijua Thuo hujifunza mengi kwa njia hiyo kuliko wengine kwa kugonga meza.

Mayur Kanji, mwenye kiwanda, alikuwa nyuma ya meza ya marehemu baba yake. Mbele yake palikuwa na fomu ya malalamiko ambayo haijatiwa sahihi. Akiitia sahihi, Micah angelala seli leo na kusimama mahakamani kesho asubuhi kwa kosa la kuharibu mali kwa makusudi. Kampuni ya Weldon ilitaka iwe imesainiwa kufikia saa tisa, la sivyo isingegusa tena mtambo ule.

"Nataka aseme tu," Mayur alisema, akiisogeza kalamu bila kuishika. "Inspekta, huyu mtu ndiye alinifundisha baiskeli, hapo hapo uani. Nilikuwa na miaka saba. Aliniambia hataachilia, halafu akaachilia." Alianza kutabasamu, kisha akakumbuka kilichomkalisha pale. "Akisema, tutaelewana. Lakini hasemi."

Chepkurui alitoka nje na kuketi kwenye benchi, upande wa pili wa mzee.

"Chamgei, mzee," alimsalimu kwa Kikalenjin.

"Chamgei mising," Micah aliitikia, kisha akarudi kwenye Kiswahili kwa heshima ya Thuo. "Uliza, mama. Nitajibu yenye naweza."

"Soja wenu, Kipchirchir, ameandikisha kwamba Jumapili tarehe kumi na nne Aprili ulipanda juu ya paa na mashine ya welding. Kiwanda kilikuwa kimefungwa. Ni ukweli?"

"Ni ukweli."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Kazi ya paipu."

"Mbona haiko kwa kitabu?"

Mzee alitazama kofia yake. "Andika ni mimi. Kama kuna makosa, ni yangu. Sasa nisiulizwe ingine."

"Moja tu. Ulitupa kitu ndani ya mashine?"

Micah aliinua uso, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akaonekana kuchukizwa. "Mimi? Nitupe kitu ndani ya mashine?"

Chepkurui alifunga daftari lake. Katika miaka kumi na sita ya kuuliza maswali alikuwa amesikia watu wakikana kwa kila sauti, na mara nyingi anayeulizwa kama ameiba hukana kwa hofu. Huyu alikuwa amekana kwa kuudhika, kama mtu aliyeulizwa kama anampiga mtoto wake. Alimwomba Weldon amwonyeshe kilichokufa.

Gurudumu la kwanza, lililotolewa baada ya ajali ya kwanza, lilikuwa juu ya meza ya karakana, limefunikwa gunia. Halikuwa kubwa. Sufuria ya ugali wa watu sita ingelifunika. Lilikuwa na mapanga membamba yaliyopindwa kutoka katikati kwenda pembeni, na Weldon alieleza kwamba kazi yake ni kuvuta hewa hapo katikati na kuirusha nje kwa nguvu. Hewa hiyo hupelekwa kwenye mashine za kufuma, ambako hurusha uzi kutoka ukingo huu wa kitambaa hadi ule. Hewa ikikatika, mashine zote themanini husimama, na watu mia moja na arobaini husimama nazo.

"Linazunguka mara ngapi kwa dakika?"

"Elfu ishirini na kitu."

Chepkurui alivaa glavu na kupitisha kidole kwenye kila panga, moja baada ya jingine, polepole. Thuo, aliyemkabidhi Micah kwa Kipchirchir kwa dakika chache, alisimama nyuma yake akipumua kwa subira.

"Hii ndiyo ilikula nati?" Chepkurui aliuliza.

Weldon aliinama kulitazama.

"Mtu akitafuna jiwe, meno yanavunjika. Hapa sioni hata mkwaruzo."

"Labda ilikuwa kitu soft. Kitambaa."

"Kitambaa mlikipata wapi? Kwenye picha zako za kuifungua sijakiona."

Chepkurui aliichukua beringi iliyoungua. Ilikuwa imelika upande wa mbele, na upande wa nyuma pia. Hakuhitaji digrii ili kuona kwamba kitu kilikuwa kikisukumwa huku na huku.

"Hiyo inatokana na hewa kurudi nyuma," Weldon alikiri, sauti ikiwa imeshuka kidogo. "Mashine inashindwa kuisukuma mbele, inageuka, inapiga gurudumu. Inafanya hivyo mara kadhaa kwa sekunde."

"Mafundi wa hapa wanaiitaje?"

"Kukohoa," Thuo alisema. "Mzee amenieleza. Kabla tufike kwa viazi."

Daftari la mtambo liliandikwa kwa mkono wa Micah, herufi kubwa zilizosimama wima, na Chepkurui alilisoma akiwa amesimama. Alitarajia namba. Namba zilikuwepo, lakini pembeni mwa namba mzee alikuwa ameandika vile mama anavyomweleza nesi habari za mtoto. *Leo ameamka vizuri. Joto sawa. Mafuta sawa.* Kisha, tarehe kumi na tano Aprili: *Amekohoa mara moja, kidogo, saa nane mchana. Sijui nini.* Tarehe kumi na saba: *Amekohoa tena. Nimebadilisha filta.* Tarehe kumi na tisa: *Amekohoa. Nimebadilisha mafuta. Bado sijui.*

Alihesabu vikohozi kumi na kimoja. Vyote vilitokea kati ya saa nane kasorobo na saa nane na robo mchana. Kabla ya tarehe kumi na tano Aprili hapakuwa na hata kimoja.

"Ona sasa," Weldon alisema, akichangamka. "Amepanda juu Jumapili, Jumatatu shida imeanza. Na saa nane ndiyo shifti zinabadilishana. Yeye ndiye hukaa kwa switchi saa hiyo."

"Naona," Chepkurui alisema. "Naona pia kwamba yeye ndiye aliyeviandika vyote. Thuo, wewe umewahi kukamata mtu anayeua kitu huku akikiandikia maendeleo?"

"Bado, afande. Na sasa muda umebaki kidogo."

Ukumbini kompresa ilikuwa ikinguruma kwa beringi ya tatu, ambayo Weldon aliitia jana. Chepkurui aliizunguka mara mbili. Alikuwa mtu wa kupenda kujua kitu kimetoka wapi kabla ya kuuliza kinaenda wapi, tabia aliyoipata katika miaka yake ya kufuatilia ng'ombe walioibwa. Bomba pana kama sinia lilitoka ukutani, likaenda urefu wa mkono mmoja tu, na kuingia kwenye kifua cha mtambo.

"Hewa inaingilia hapa?"

"Hapo."

"Na nyuma ya ukuta?"

"Nyuma ya ukuta si yetu, madam. Sisi tunauza mashine. Paipu ni ya mwenye jengo. Tuliwapa mchoro, wakaiweka imenyooka mpaka nje kwa uwanja, nikaikagua mwezi wa pili. Ilikuwa sawa."

"Na tangu mwezi wa pili?"

"Sijakuwa na sababu ya kwenda huko."

Nyuma ya ukuta palikuwa na stoo ya makasha na koni tupu za uzi, giza tupu, na ufunguo wake ulikuwa kwenye msumari kando ya mlango, mahali ambapo mtu yeyote angeuchukua. Thuo aliwasha tochi ya simu. Bomba halikuwa limenyooka kwenda popote. Lilishuka kutoka paani, likapita chini ya dari kuelekea upande wa mlima wa Menengai, likapinda kwenda chini kwa ghafla, na kabla halijamaliza kushuka likapinda tena kwa upande kuingia ukutani. Viungo vilikuwa vimechomelewa kwa ustadi, na mkono uliopita juu yake haungejua pa kusimama.

Chepkurui aligeuka kumtazama Weldon. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Kona mbili," alisema. "Zimefuatana, na kila moja inaelekea upande wake."

"Ni mbaya?"

"Madam, kitabu kinasema inyooke mara kumi ya upana wake kabla ifike kwa mashine. Hewa ikipita kona moja, inaegemea upande. Ikipita ya pili imegeuzwa hivi, inaanza kujisokota. Inaingia kwa gurudumu ikizunguka." Alizungusha mkono kuonyesha, kisha akauzungusha kinyume, kana kwamba anajibishana na yeye mwenyewe. "Gurudumu limeundwa lipokee hewa iliyonyooka. Ikija hivi, upande mmoja unashiba, mwingine unalala njaa."

"Mbona basi haikohoi siku nzima?"

"Kwa sababu mashine zote zikifuma, inavuta hewa nyingi, inavumilia. Saa nane shifti ikibadilishana, kufuma kunasimama dakika kumi. Hewa inayotakiwa inakuwa kidogo. Hapo ndipo..."

"Hapo ndipo inakohoa," Thuo alimalizia.

"Labda. Kuthibitisha tunahitaji vipimo kutoka Nairobi. Wiki mbili."

Chepkurui alitazama saa yake. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini, na fomu ilikuwa na mpaka saa tisa. Akatazama koni zilizorundikwa mpaka dari, chache kati yake zikiwa na mabaki ya uzi.

"Thuo, nyumbani kwako unajuaje upepo unaenda wapi?"

"Naangalia nguo kwa kamba."

"Basi tuanike."

Bomba lile fupi la ukumbini lilikuwa na kidirisha cha ukaguzi chenye mfuniko wa boliti sita. Weldon alizima mtambo, akalalamika, akaufungua mfuniko, akalalamika tena alipoona Inspekta anakata vipande vya uzi wa pamba, kila kimoja urefu wa kidole, na kuvigundisha ndani ya bomba kwa duara kwa gundi ya lebo. Lakini alipoanza kuelewa, aliacha kulalamika, na mwishowe yeye ndiye aliyekata plastiki angavu kutoka kwenye kizuizi cha mashine mbovu na kuifunga mahali pa mfuniko. Chepkurui alianza kumpenda kidogo. Kulikuwa na injinia ndani ya lile shati.

Saa saba waliwasha. Kwanza nyuzi zilitikisika tu. Mtambo uliposhika kasi zilinyooka, na wote watatu wakainama kwenye plastiki. Hakuna uzi hata mmoja ulioelekea kwenye gurudumu moja kwa moja. Zote zililala mshazari, zikifuatana kuzunguka bomba kama mistari ya skrubu.

"Jamani," Weldon alisema kwa sauti ndogo.

Ilipofika saa nane kasoro dakika kumi, Chepkurui aligawa watu. Micah aliketishwa ofisini mbele ya Mayur, mlango wazi, mikono juu ya meza. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kukaribia switchi isipokuwa Weldon, kidole juu ya kitufe cha kuzima. Ving'ora vya shifti vililia. Chumba cha kufumia kilinyamaza safu kwa safu. Nyuzi ndani ya bomba zilitetemeka, zikasita, kisha kwa pamoja zikageuka na kuelekea nyuma, kule zilikotoka. Mtambo ukakohoa. Ilikuwa sauti ya kifua kizima, na sakafu iliisikia. Thuo aliruka hatua ambayo mwili wake haukuwa umeiahidi kwa miaka mingi. Weldon akazima.

Kabla mngurumo haujaisha, Micah alikuwa ameshafika. Alikuwa amempita Mayur, akampita Kipchirchir mlangoni, na sasa kiganja chake kilikuwa juu ya ganda la mtambo, kikisikiliza.

"Ameumia?" aliuliza. Ukiacha viazi, lilikuwa neno la kwanza alilolisema bila kuulizwa tangu asubuhi.

"Hapana," Weldon alisema. "Tumewahi, mzee." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo usoni.

Mayur aliingia nyuma yake akihema. Chepkurui alimweleza kwa maneno machache: hakuna aliyetupa kitu ndani, hakuna mkono uliogusa kitu, mtambo unauawa na bomba. Mayur alisikiliza mpaka mwisho, na badala ya kufarijika uso wake ukazidi kukunjamana.

"Lakini bomba ni yeye alilipinda. Kwa siri. Siku kiwanda kimefungwa." Alimgeukia Micah. "Kwa nini?"

Micah aliondoa mkono kwenye mtambo, akatazama sakafu.

Hilo ndilo lililokuwa limebaki, na Chepkurui alijua ndilo zito. Sheria haiulizi tu nani na vipi. Mtu anaweza kujua fika kona mbili zitafanya nini, na akazichomelea vizuri kwa sababu hiyo hiyo. Ilikuwa saa nane na robo. Alitoka nje kutafuta mahali ambapo bomba la zamani lilikuwa likitokea.

Nyumba ya akina Kanji iligusana na kiwanda. Mzee wa kwanza wa familia aliijenga hivyo ili atoke kitandani aingie kazini, na ua ulikuwa mmoja. Kwenye ukuta wa stoo palikuwa na kiraka cha duara, kimepakwa rangi ya kijani iliyokaribia sana kufanana na ile ya zamani. Chepkurui alisimama mbele yake, akageuka, akahesabu hatua kwenda mbele. Hatua saba zilimfikisha kwenye veranda ya nyumba, na kwenye veranda palikuwa na bembea pana ya mbao iliyochongwa, ikining'inia kwa minyororo ya shaba. Mto wake ulikuwa umefifia upande mmoja, upande wa mtu mmoja. Hapakuwa na mtu.

Alimwita Micah peke yake, akamketisha kwenye ngazi za veranda.

"Nani hukaa hapo?"

Mzee alichukua muda. "Ba."

"Ba ni nani?"

"Mama yake Mayur. Anaitwa Kanchan, lakini sisi wote tunamwita Ba." Alishika minyororo ya bembea ili isitikisike. "Nilikuja hapa nikiwa kijana wa Mogotio, sijui hata fuse ni nini. Huyo mama amenipa chai hapa kila siku saa kumi. Miaka thelathini na minne. Wakati mke wangu alilazwa, Ba alikuwa anatuma chakula mpaka hospitali ya Kaptembwo, na alikuwa anauliza sufuria ikirudi kama mgonjwa amemaliza yote."

"Na bomba?"

"Ulikuwa mdomo wake hapo kwa ukuta. Mashine ikivuta hewa, inalia. Si kelele ya kawaida, ni kama mtu ananguruma hapa karibu na sikio. Wiki ya pili nakuja saa kumi, Ba hayuko kwa bembea. Kesho yake hayuko. Amejifungia ndani, pazia limefungwa, chai ananipea kwa dirisha. Nauliza, ananiambia ni baridi. Baridi gani mwezi wa tatu?" Alitikisa kichwa. "Ba hajawahi kulalamika. Hata angekuwa anaumia."

"Ungemwambia mwanawe."

"Mayur amekuwa akisema ampeleke kwa dadake Nairobi. Nikimwambia mashine inamsumbua mama, atasema hao wawili hawawezi kukaa pamoja. Na hiyo mashine inalisha watu mia na arobaini. Wewe unafikiria nani angehama?" Alifuta jicho kwa kofia, kwa haraka. "Ba anataka kufa kwa hii nyumba. Ameniambia. Kwa hivyo nikahamisha paipu, nikapeleka kelele juu ya paa. Sikujua hewa inakumbuka kona. Nimekuja kujua wiki hii, na nikaona nikisema paipu, itabidi niseme na sababu. Basi nikaona heri niende seli."

"Micah."

Mayur alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, fomu mkononi. Hakuna aliyejua amekuwa hapo kwa muda gani, lakini macho yake yalisema muda ulitosha. Chepkurui hakumpa nafasi ya kuongea. Shahidi mmoja alikuwa bado, na mlango nyuma ya bembea ulikuwa umeshaanza kufunguka.

Ba alikuwa mdogo kuliko mkongojo wake. Alikuwa na miaka sabini na sita, amevaa sari nyeupe na soksi za sufu, na aliwatazama wote kama watu waliochelewa chakula.

"Nimesikia mashine imekohoa tena," alisema. "Na huyu polisi anataka nini na Micah?"

"Nina swali moja, mama," Chepkurui alisema, na akafungua daftari ili swali liwe la kiserikali. "Mwezi wa tatu uliacha kukaa kwenye bembea. Kwa nini?"

Ba alimtazama Micah, kisha Inspekta. Alionekana kukasirika.

"Lazima niseme akiwa hapa?"

"Lazima, mama. Leo anaweza kulala seli."

Bibi alirudi ndani. Walisikia droo ikivutwa na maneno ya Kigujarati ambayo Mayur hakuyatafsiri. Alipotoka alikuwa na mfuko wa kitambaa, na ndani ya mfuko mlikuwa na sweta ya rangi ya damu ya mzee, iliyofumwa kwa mkono. Ilikuwa na mgongo, kifua, shingo na mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umefika kwenye kiwiko, sindano zingali zimo.

"Anastaafu Desemba," Ba alisema. "Anapita hapa kila siku, na macho yake hayaachi kitu. Ningefumia wapi? Nimekaa ndani na joto mpaka kichwa kinauma, na yeye kwa dirisha ananiuliza habari ya baridi."

Thuo, aliyekuwa amefika kutoka ukumbini pamoja na Weldon, alipata jambo la kuangalia juu ya paa.

"Kwa hivyo kelele haikukusumbua?" Chepkurui aliuliza. Ilibidi aandike.

"Kelele gani? Marehemu mume wangu alikoroma kando ya sikio langu miaka arobaini na saba. Hiyo mashine yenu itanifanya nini? Tangu waitoe hapo sipati usingizi wa mchana. Rudisheni."

"Ba," Mayur alisema, "mimi sijasema utahama."

"Umesema mara mbili. Diwali umesema, Krismasi umesema."

Mayur aliinamisha kichwa kama mtoto wa miaka saba. "Sitasema tena." Akamnyooshea Chepkurui ile fomu, mstari wa sahihi ukiwa mtupu. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika tano.

"Sheria inataka nia mbaya," Chepkurui alimwambia Weldon, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na ripoti ya kuandika. "Nimeitafuta tangu asubuhi, na wewe umenisaidia kutafuta. Ukiiona mahali, nipigie simu."

Weldon alikuwa akikadiria kwa macho umbali kutoka kiraka cha kijani hadi ndani. "Nitakuja mwenyewe Jumamosi tuinyooshe," alisema. "Mzee, utachomelea wewe. Mimi siwezi kuchomelea vile."

Micah hakumsikia. Alikuwa bado anatazama sweta. Ba hakumngoja. Siri ilikuwa imeshaharibika, basi angalau kazi iende mbele.

"Simama, beta, mwanangu. Nyoosha mikono. Huu wa pili nimekuwa nikikisia."

Micah alisimama katikati ya ua na kunyoosha mikono yote miwili kama alivyoambiwa. Ba akaushika mwisho wa uzi begani, Mayur akauvuta hadi kwenye kifundo cha mkono. Bibi alisema asitikisike mpaka amalize, naye hakutikisika, ingawa machozi yalikuwa yameshafika kidevuni na hakuwa na mkono wa kuyafutia.